Hajafa, Lakini Hawindi Tena

Siku moja baada ya kupiga dawa, mkulima wa maharage huingia shambani na kuinama. Vidukari weusi wamekauka kwenye vikonyo, wengine wameanguka chini. Juu ya jani anamwona mbawakawa mdogo wa mviringo, mwekundu, mwenye madoa meusi mgongoni, bado anatembea. Moyo unatulia: dawa imemuua adui na kumwacha rafiki.

Makala haya yanamhusu huyo mbawakawa aliyebaki. Ni kweli yu hai. Lakini inawezekana kabisa kwamba tangu jana hajala kidukari hata mmoja, miguu inamtetemeka, na mayai atakayotaga wiki hii hayataanguliwa. Kwa shamba, mdudu wa namna hiyo ni kama mlinzi aliyelala usingizi langoni: ukihesabu walinzi utamhesabu na yeye, ila mwizi atapita.

Nawaandikia hasa wakulima wa Masieda na kata nyingine za Mbulu, pamoja na majirani zao wa Hanang, kwa sababu kilimo cha huku kinawategemea wadudu hawa kuliko tunavyokiri. Mahindi, maharage, mbaazi na alizeti vinapandwa kwa kuchanganywa au vikikaribiana, mashamba ni ya familia, na pesa ya dawa hutoka mfuko uleule wa ada ya shule. Kila mdudu anayewinda bure ni pesa iliyobaki nyumbani. Nyuki wamepata wa kuwasemea, maana asali yao tunaila. Wawindaji wadogo wa kwenye majani bado hawana msemaji.

Tuanze kwa kuwatambua, kwa maana wengi wao huuawa kwa kudhaniwa kuwa waharibifu. Mbawakawa wa madoa tunamjua akiwa mkubwa, lakini mtoto wake hafanani naye hata kidogo. Ni mrefu, mweusi au wa kijivu, ana madoa ya rangi ya machungwa na hutambaa kama mamba mdogo. Yeye ndiye mlaji mkubwa, na hana mbawa za kukimbilia dawa inapopigwa. Yupo mdudu wa kijani mwenye mbawa nyembamba zinazoonekana kama wavu na macho yanayong'aa kama dhahabu. Kila yai lake amelitundika juu ya uzi mwembamba kama unywele. Yupo nzi wa maua, mwenye mistari ya njano na nyeusi kama nyigu, anayesimama hewani pasipo kusogea. Mtoto wake ni funza asiye na miguu wala macho, anayewapapasa vidukari na kuwafyonza mmoja mmoja. Ndani ya maua hukaa mdudu mweusi na mweupe asiyezidi milimita tatu, mwindaji wa vithiripi. Katika moyo wa mmea wa mahindi hujificha mdudu mwenye koleo mkiani, anayetafuta mayai na viwavi wachanga usiku. Ongeza vunjajungu, sisimizi, nyigu, mbawakawa weusi wakimbiao ardhini, na buibui, ambaye kitaalamu si mdudu lakini kazi yake ni hiyohiyo.

Kuna wa kuchunga hapo. Mbawakawa wa madoa mwenye mwili uliofifia, usiong'aa, wenye vinyweleo vifupi, huyo hula majani ya maboga, viazi na mazao mengine. Rafiki ana mgongo unaong'aa kana kwamba umepakwa mafuta.

Sasa, dawa inamfanya nini mdudu pasipo kumuua? Mwaka 2007 watafiti watatu, Nicolas Desneux, Axel Decourtye na Jean-Marie Delpuech, walichapisha mapitio marefu ya tafiti zilizofanywa duniani kuhusu swali hilo. Picha inayojitokeza ni kwamba kuhesabu maiti peke yake kunatupa nusu ya hadithi. Mdudu aliyenusurika huweza kuishi siku chache zaidi kisha akafa mapema. Huweza kutaga mayai machache, au mengi yasiyoanguliwa. Mtoto wake hukawia kukua, au hutoka kwenye ngozi yake akiwa na mbawa zilizojikunja. Harufu ya mawindo, ambayo ndiyo ramani yake, humpotea. Wengine huacha kuwinda na kukaa wakijisafisha miguu na papasi kwa muda mrefu, kama mtu aliyemwagikiwa na kitu asichoweza kukitoa. Wengine hulikimbia shamba lote, wakaliacha kwa vidukari.

Uzito wa jambo hili uko kwenye hesabu ya uzazi. Kidukari jike hahitaji dume wala yai. Huzaa watoto hai, na katika joto la kutosha mtoto huanza kuzaa baada ya wiki moja hivi. Tuseme dawa imewaacha kumi tu kwenye mstari mmoja wa maharage. Kila mmoja akizaa watano kwa siku kwa siku kumi, hao ni 500 kabla wajukuu hawajahesabiwa. Mbawakawa wa madoa naye anahitaji wiki tatu hadi nne kutoka yai hadi kuwa mkubwa. Mwindaji akirudi nyuma kwa wiki mbili, mwindwa amekwisha kumzidi vizazi viwili. Ndiyo sababu mkulima hupiga dawa, shamba likatulia siku kumi, kisha vidukari wakarudi wengi kuliko mwanzo. Wengi hulaumu duka kwa kuuza dawa ya bandia. Dawa bandia zipo, na usugu wa wadudu upo. Lakini mara nyingine dawa ilikuwa halisi na ilifanya kazi, tatizo likawa ni kwamba iliwalemaza wale ambao wangemalizia kazi.

Indonesia ililipia somo hili kwa mchele. Mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza mpunga alizidi kadiri dawa zilivyozidi, kwa kuwa buibui na wadudu waliokuwa wakimla walikuwa wakiondolewa. Mwaka 1986 Rais Suharto alitoa agizo lililopiga marufuku matumizi ya dawa 57 kwenye mpunga, na baadaye, kuanzia mwaka 1989, mashamba darasa yakaanza kuwafundisha wakulima kuhesabu marafiki kabla ya kushika bomba. Matumizi ya dawa yalishuka sana, mchele haukupungua. Shamba darasa tunalolijua leo hapa Afrika Mashariki lina mizizi yake huko. Karibu zaidi na kwetu, katika miaka ya 1950 mtafiti Michael Way alionyesha Zanzibar kwamba minazi yenye majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani, hulindwa dhidi ya mdudu anayefyonza nazi changa na kuziangusha. Kiota cha majani juu ya mnazi kilikuwa kinafanya kazi ambayo hakuna bomba lingeifikia.

Dawa hazifanani, na hapa inalipa kusoma karatasi ya chupa. Usitazame jina kubwa la kibiashara. Tafuta maandishi madogo yanayotaja kiambato. Kikiishia na herufi "thrin", kama sipamethrini, deltamethrini au lambda-sihalothrini, hiyo ni dawa inayoshika mishipa ya fahamu na kuiacha ikipiga mfululizo. Mdudu huanguka papo hapo. Wengine huamka baada ya saa kadhaa, na mkulima hudhani wamepona. Kumbe katika muda huo mdudu alikuwa amelala chali juu ya udongo wa moto, sisimizi wakimpita, na akiamka hukwepa majani yenye dawa, hata kama ndiko waliko vidukari. Kikiishia na "fos", kama profenofosi au klopirifosi, dawa huzuia kimeng'enya kinachotuliza mishipa ya fahamu. Hizi ni kali kwa mdudu na kwa mtu pia. Nyingi kati ya chupa zinazopendwa kwenye maduka ya pembejeo huchanganya makundi mawili, na jina la biashara halikuambii hivyo.

Kundi linalonitia wasiwasi zaidi ni la imidaklopridi, thiamethoksamu na asetamipridi. Dawa hizi huingia ndani ya mmea na kusafiri kwenye utomvu. Watu huzipenda kwa sababu hiyo, na hoja yao ina maana: mdudu asiyefyonza wala kutafuna mmea hapaswi kuguswa. Lakini fuata njia ya utomvu. Kidukari anaunywa kabla hajafa, mbawakawa anamla kidukari. Ua linatoa nekta, na mdudu wa macho ya dhahabu akiwa mkubwa hunywa nekta. Nzi wa maua vivyo hivyo. Yule mwindaji mdogo wa vithiripi hufyonza mmea kidogo anapokosa nyama. Sumu inamfikia kila mmoja kwa chakula chake, kwa kiasi kidogo, siku baada ya siku. Hata mbegu iliyopakwa dawa hiyo inaweza kufanya hivyo mche ukiwa mchanga.

Kisha kuna zile zinazozuia mdudu kujivua ngozi, kama lufenuroni. Mbawakawa mkubwa akipigwa nayo hafi, maana amekwisha kuacha kujivua. Ukimtazama utaona mzima wa afya. Madhara yako kwenye mayai, na kwa watoto wanaokwama ndani ya ngozi ya zamani. Ni dawa ya upole ukilinganisha na zile za "fos", lakini aliyeipima kwa kuhesabu mbawakawa wakubwa siku ya pili hajapima kitu.

Watu huniuliza: basi tupunguze dozi, si itawaacha marafiki? Nalielewa wazo hilo, na limetoka kwa mtu mwenye huruma au mwenye pesa kidogo. Lakini dozi ndogo ndiyo hasa inayolemaza bila kuua. Zaidi ya hapo, inawaacha hai wale vidukari na viwavi sugu, na hao ndio watakaozaa. Ukweli ni kwamba kila upigaji huzalisha dozi ndogo hata ukipima kwa uaminifu. Upande wa chini wa jani hupata kidogo kuliko wa juu. Ukingo wa shamba hupata kilichopeperushwa na upepo. Siku ya tano dawa iliyobaki ni kidogo kuliko ya siku ya kwanza, na mwindaji anayerejea siku hiyo ndiyo anayoikanyaga. Hatuwezi kuifuta dozi ndogo. Tunachoweza ni kupunguza mara ambazo tunaizalisha, na ukubwa wa eneo inapotua.

Kwa hiyo pima kwa kiasi kilichoandikwa, kwa kifaa cha kupimia. Kifuniko cha chupa hakifai, maana vifuniko havilingani. Usichanganye dawa ya wadudu na ya ukungu kwenye bomba moja kwa sababu tu unataka kuokoa safari. Baadhi ya dawa za ukungu huzuia mwili wa mdudu kuivunja sumu, kama ilivyothibitishwa kwa nyuki, na mchanganyiko ukawa mkali kuliko dawa yoyote peke yake.

Kabla ya hayo yote, jiulize kama unahitaji kupiga. Kiwavijeshi vamizi alipoingia Tanzania mwaka 2017, hofu ilikuwa kubwa na mabomba yalitembea kila wiki. Mahindi yana uwezo wa kuvumilia majani yaliyotoboka kuliko macho yetu yanavyovumilia kuyaona. Tembea shambani kwa njia ya herufi W, simama mara tano, kagua mashina 20 kila mara. Mahindi yakiwa bado machanga na mashina yaliyoshambuliwa hayajafika 20 kati ya 100, subiri na urudi baada ya siku tatu. Yakishatoa mbelewele, kwa kawaida kupiga dawa hakushauriwi. Ukilazimika kupiga, piga mashina yaliyoshambuliwa tu, kwenye moyo wa mmea. Lakini kabla hujaelekeza mdomo wa bomba humo, fungua moyo na utazame. Kama yumo mdudu mwenye koleo mkiani, au sisimizi wanapanda na kushuka, lipite shina hilo. Kazi inafanyika.

Kwa maharage ninapendekeza uhesabu wahusika wote wawili. Chukua mimea 20, andika kwenye daftari ni mingapi ina vidukari, na umeona wawindaji wangapi, watoto wao wakiwemo. Mbawakawa mmoja mzima huweza kula vidukari 50 au zaidi kwa siku. Shamba lenye vidukari kwenye mimea michache na watoto wa mbawakawa wakiwa tayari juu yake linaelekea kujitibu, na kulipiga siku hiyo ni hasara mbili.

Ukitaka kuona ulemavu kwa macho yako, fanya jaribio hili. Halihitaji maabara. Tafuta chupa mbili za kioo zenye mdomo mpana, ambazo hazitarudi jikoni. Siku mbili baada ya kupiga, kamata mbawakawa wa madoa mmoja ndani ya shamba lililopigwa, na mwingine wa aina ileile mbali na hapo, pahali dawa haijafika. Kila chupa iwe na jani bichi lisilo na dawa lenye vidukari 30 uliowahesabu, pamoja na mbawakawa wake. Funga mdomo kwa kitambaa chepesi, weka kivulini, hesabu vidukari kesho yake saa ileile. Fanya kwa mbawakawa watano wa kila upande kama unaweza, kwa sababu mmoja anaweza kuwa alikuwa ameshiba tu. Shule za sekondari za kata zingeweza kulifanya jaribio hili kila msimu, na daftari la miaka mitatu la shule moja lingewafaa wanakijiji kuliko mabango mengi. Vaa glovu, nawa mikono kwa sabuni, na watoto wasiingie kwenye shamba lililopigwa kabla ya muda ulioandikwa kwenye karatasi ya chupa.

Na badala ya dawa ya duka, je? Mwaka 2015 watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha na wenzao wa Chuo Kikuu cha Greenwich, Uingereza, walichapisha matokeo ya majaribio ya maharage kaskazini mwa Tanzania. Walilinganisha lambda-sihalothrini na maji ya mimea inayoota pembezoni: utupa, alizeti mwitu, tugutu na mingine. Maharage yaliyopigwa maji ya mimea yalitoa mavuno yanayokaribiana na ya dawa ya duka, huku mbawakawa wa madoa na buibui wakibaki wengi zaidi. Namna yenyewe inafanyika nyumbani: majani yakaushwe kivulini, yatwangwe, kilo moja ya unga ilowekwe katika lita 10 za maji yenye sabuni kidogo hadi kesho yake, kisha chuja kwa kitambaa na upige. Nguvu yake haikai siku nyingi, kwa hiyo hurudiwa takriban kila wiki. Hiyo ni kazi, na sitaki kuificha. Mama mwenye ekari mbili na mtoto mgongoni ana haki ya kuuliza muda utatoka wapi. Utupa nao usichukuliwe kama maji ya matunda. Wavuvi wameutumia tangu zamani kulevya samaki, kwa hiyo bomba lisioshwe kwenye kijito wala kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe.

Wawindaji wanahitaji pia pa kukaa. Baada ya mahindi kuvunwa, mbaazi ndizo hubaki na majani na maua katikati ya mabua makavu. Zikipigwa dawa zote mara moja kwa ajili ya viwavi wa maganda, wadudu waliokimbilia hapo hawana pa kwenda. Piga kwa sehemu, acha mistari michache upande mmoja bila dawa, na usifyeke ukingo wote kwa siku moja. Kishonanguo kinachotuudhi kwenye suruali kina maua yanayowalisha nzi wa maua na mdudu wa macho ya dhahabu. Mstari wa giligilani ulioachwa utoe maua unafanya vilevile.

Upigaji wa jioni, upepo ukiwa umetulia, huwaokoa nyuki na nzi wa maua, na ndivyo wanavyoshauri wengi. Ujue tu kwamba mdudu wa koleo na mbawakawa wa ardhini hutoka usiku, wakati dawa bado mbichi. Hakuna saa inayowafaa wote, na ndiyo maana ukingo usiopigwa una thamani kuliko saa iliyochaguliwa vizuri.

Dukani uliza mambo matatu kabla ya bei. Dawa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na yenye makao Arusha? Kiambato chake ni kipi? Nilitumia cha kundi lipi mara iliyopita? Muuzaji akikwambia, "Mama, hii inaua kila kitu," mshukuru, mwombe akuonyeshe inayoua kidogo zaidi. Ukirudi nyumbani andika kwenye daftari tarehe, jina la kiambato na idadi ya mbawakawa uliowaona siku hiyo. Rudi kuhesabu siku ya pili, ya saba na ya kumi na nne. Hesabu ya siku ya kumi na nne, hasa ya watoto wale wanaofanana na mamba, ndiyo ya kumwonyesha afisa ugani, kwa sababu watoto hao hawapatikani mahali ambapo wazazi wao waliacha kutaga.